Tulivyoiposa Shule Omani

Siku ile tulikuwa watu watano ukumbini kwangu, hapa Kismayu, na wa sita alikuwa ndani ya simu. Nilikuwapo mimi, mwenye nyumba. Alikuwapo mkwe wangu, yaani mama wa mume wa binti yangu, aliyekuja kutoka kisiwa cha Fuma na mkeka wake mwenyewe kwa sababu mikeka ya mjini inamuumiza. Alikuwapo binti yangu, mama wa watoto waliokuwa wakizungumziwa. Alikuwapo ndugu yangu mdogo wa kiume, baba mmoja mama mmoja, ambaye hakuitwa. Na alikuwapo mjukuu wangu wa kike wa miaka kumi na miwili, amekaa karibu na mlango wa jikoni kama anayechambua mchele. Mchele ulikuwa umechambuliwa tangu asubuhi. Yule wa ndani ya simu ni mume wa binti yangu, fundi wa mashua, ambaye yuko Omani mwaka wa nne huu akiziba na kupaka mashua za watu. Mjukuu wangu mwingine, mdogo wake yule wa kwanza, ana miaka sita na alikuwa amelala, kwa hiyo simhesabu.

Majina yao ninayo yote, na ya baba zao, na ya babu zao mpaka pale yanapokutana na ya kwetu. Binti yangu amenikataza kuyaandika. Anasema wote wako hai na wote wana simu.

Jambo lililotukalisha lilikuwa hili. Fundi alikuwa amepata karatasi za kumchukua mkewe na binti zake wawili wakaishi naye huko. Yule mdogo hakuwa na shida, maana darasa la kwanza halimuulizi mtu alikotoka. Shida ilikuwa huyu mkubwa. Huyu amekaa kwangu tangu ana miaka sita, kwa ajili ya masomo, kwa sababu kule Fuma, mama yake alikokuwa akikaa na mkwe wangu, shule ilikuwa ikifunguliwa na kufungwa kama duka la mtu mgonjwa. Nimemlea mimi. Namjua anavyokohoa.

Fundi alisema wazi, kwa adabu, kama anavyosema mambo yote. "Mtoto wa darasa la sita hawezi kukaa ndani mwaka mzima ugenini anatazama ukuta. Akipata shule, anakuja na mama yake. Asipopata, anabaki kwa bibi yake, anasoma hapo hapo, na mwaka ujao tutaona."

Wote wakanitazama. Mimi nikamimina kahawa.

"Shule ziko tatu hapa karibu," fundi akaendelea. "Moja kubwa, ya Kiingereza. Moja ndogo, ya Kiarabu na hesabu, mkuu wake mwanamke wa Kisudani. Na moja ina bwawa la kuogelea."

"La nini?" ndugu yangu akauliza.

"La kuwafundisha watoto kuogelea, mjomba."

"Watoto wa Fuma?"

Ile shule ya bwawa ikaondoka hapo hapo. Mkwe wangu alisema hajawahi kusikia mtu akilipa ili mwanawe atiwe majini, na kwamba wajukuu wake waliogelea kabla ya kuota meno. Hilo si kweli kwa yule mkubwa, aliyeota meno mapema, lakini sikutaka kumkatiza.

"Basi zimebaki mbili," fundi akasema. "Mimi nilikuwa nawaza nipeleke maombi zote. Itakayojibu mwanzo, tunakwenda hiyo."

Mkwe wangu akaweka kikombe chini. "Zote mbili?"

"Zote, mama."

"Siku moja?"

"Hata saa moja. Ni kwenye simu tu."

"Hapana mchu anayeposa nyumba mbili siku moja," akasema mkwe wangu, ambaye mtu kwao ni mchu. "Wewe tulikuposea nyumba ngapi?"

"Moja, mama."

"Ukafa?"

"Sikufa, mama."

Kwetu barua ya posa hutoka moja, ikaenda nyumba moja, na anayeichukua ni mtu mzima anayejua kukaa mbele za watu. Jibu likikawia, mnakawia nalo. Mtu akigundulika ana barua mbili njiani, zote mbili humrudia, na dada zake nao huanza kuulizwa mambo. Nimemwona kijana mmoja wa mjini hapa aliyefanya hivyo. Jina lake ninalo. Mwisho alioa mbali kabisa, kwa watu wasiomjua.

Mimi nilimuunga mkono mkwe wangu. Naliandika hili kwa sababu siku hizi watu wanasema lilikuwa lake peke yake. Nilisema, "Mwanangu, shule ni nyumba. Nyumba ina watu. Wakisikia umebisha hodi kwao na kwa jirani kwa mpigo mmoja, watakuonaje?"

"Sawa, mama," akasema fundi. Hajawahi kunibishia tangu alipomwoa binti yangu. Nilikuwa nikidhani ni sifa njema.

Ikabaki kujua tunaposa wapi. Hapo nilimpigia simu binti wa marehemu dada yangu, ambaye ameolewa huko Omani, mji huo huo wa fundi, na anapika chakula cha harusi za watu, kwa hiyo hakuna nyumba asiyoijua mlango wake wa nyuma. Nilimwambia akaangalie vyoo kwanza. Nyumba unayompeleka binti yako huangalii sebule, maana sebule hupambwa kwa ajili yako. Unaomba maji ya kutawadha, unakwenda uani, unatazama.

Alikwenda shule zote mbili, akaomba kutawadha zote mbili. Siku ya tatu akaleta habari. Shule kubwa ina vyoo kumi na viwili, vyote vina sabuni. Ina basi la manjano. Walimu hawapigi kelele. Shule ndogo ina vyoo vitatu, viwili vina sabuni, na yule mwanamke wa Kisudani alikuwa amesimama nje anamfunga mtoto kamba za viatu.

"Yeye mwenyewe?" ndugu yangu akauliza.

"Yeye mwenyewe."

"Hana watumishi?"

Ikashinda shule kubwa. Mimi pia niliitaka shule kubwa. Nilifikiri ikiwa lazima mtoto aende, aende kwenye sabuni.

Kisha yakazuka mabishano yaliyotuchukua alasiri nzima, ya nani ni upande wa mume. Ndugu yangu alisema sisi ndio tunaoomba, kwa hiyo sisi ni upande wa mume na shule ndiyo biarusi. Mkwe wangu akasema haiwezekani, maana anayehama kwao ni mtoto, na anayehama ndiye biarusi.

"Basi shule itoe mahari," akasema ndugu yangu.

"Hapana, ada tunalipa sisi."

"Ndiyo hiyo! Anayelipa ndiye mume."

"Mimi nikae wapi?" akauliza mjukuu wangu kutoka mlangoni.

"Wewe chambua mchele," tukamwambia wote watatu.

Tukakubaliana kwamba sisi ni upande wa mume. Kwa hiyo binti wa dada yangu akawa mshenga wetu. Alipika visheti, akanunua halua, akavipanga kwenye sinia jipya lenye maua mekundu, akavaa baibui lake la harusi za watu wakubwa, akenda mpaka getini. Bawabu akalipokea sinia kwa mikono miwili. Karani mmoja akatoka, akasikiliza salamu zetu zote, kutoka Kismayu na kutoka Fuma, akasema fomu hujazwa kwenye simu. Fundi akaijaza siku hiyo hiyo, kwa watoto wote wawili. Baada ya hapo tukanyamaza, kama inavyopasa.

Wiki ya kwanza ikapita. Wiki ya pili fundi akapiga simu.

"Mama, niwapigie niwaulize?"

"Uwaulize?" akasema mkwe wangu, ambaye alikuwa bado kwangu na mkeka wake. "Wafikiri binti zako wameoza?"

"Ile ndogo inafunga kupokea watoto mwisho wa mwezi huu."

"Kwani jibu la hii umeshalipata?"

"Bado, mama."

"Basi."

Wiki ya tatu ndugu yangu akaja na hukumu. Alikuwa ametoka msikitini na amefikiri sana. Alisema msichana akiulizwa na walii wake kama ameridhia, akanyamaza, kule kunyamaza ndiyo ridhaa yake, na ndoa inafungwa. Shule imeulizwa. Shule imenyamaza. Tena sinia halijarudishwa. Watu wasiotaka posa hurudisha vyombo.

Mkwe wangu akasema, "Leo umesema neno." Alikuwa hajawahi kumwambia hivyo, na ndugu yangu alikaa akala chakula cha mchana kwangu siku nne mfululizo.

Binti wa dada yangu akatutumia picha ya sare. Gauni la kijivu lisilo na mikono, shati jeupe chini yake, mtandio mweupe. Nikanunua kitambaa sokoni, nikatoa cherehani yangu, nikashona gauni mbili, ndogo na kubwa. La yule mkubwa nililiachia upindo mpana, aweze kulishusha akirefuka. Alisimama juu ya kigoda nikiwa nampima.

"Bibi, na kama wamekataa?"

"Wangekataa wangerudisha sinia."

"Na kama wamelisahau tu?"

"Usitikisike, nitakuchoma."

Kwenye posa nyingi nilizoziona, anayejua mambo ni yule ambaye haulizwi. Hilo nalifikiria sasa. Wakati ule nilikuwa na pini mdomoni.

Wiki ya nne fundi alipita pale shuleni akitoka kazini. Hakwenda kuuliza, maana alikatazwa. Alikwenda kutaka kujua madaftari huwa makubwa au madogo. Karani akamwonyesha orodha iliyobandikwa ukutani. Jina la yule mdogo lilikuwapo. La mkubwa halikuwapo.

Kumbe walikuwa wamejibu tangu wiki ya pili. Walijibu kwa barua ya simu, ile iitwayo barua pepe, kwenye anwani ambayo fundi aliifungua ili ajaze fomu na hakuitazama tena, kwa sababu sote tulikuwa tukingoja jibu lije kwa mdomo wa mtu. Barua ilisema wanamkaribisha mdogo. Kuhusu mkubwa, ilisema vyeti vyake vinaruka mwaka mmoja, na iliwaomba wazazi waeleze, kwa siku kumi, mwaka huo mtoto alikuwa wapi. Siku kumi zilikuwa zimekwisha. Nafasi amepewa mwingine.

Fundi alitusomea barua hiyo kwenye simu, neno kwa neno, kwa sauti ile ile ya adabu. Alipomaliza, mkwe wangu akauliza, "Na sinia?"

"Bawabu analo. Anakula wali humo."

Mkwe wangu akakunja mkeka wake akasema anarudi Fuma. Hakurudi, kwa sababu siku hiyo hakukuwa na chombo cha kuvuka, akaukunjua tena. Binti yangu alikwenda jikoni akawa anaosha vikombe vilivyokuwa safi. Hakusema lolote la kulaumu. Ningependa angesema.

Mjukuu wangu alilikunja gauni la kijivu, akaliweka juu ya cherehani. Akasema, "Bibi, siku mimi nikiposwa, barua asiishike mtu wa nyumba hii."

"Mjomba wa mama yako ndiye aliyehukumu."

"Wote," akasema. "Wote wa nyumba hii."

Sasa lazima niuseme huo mwaka ulioruka. Miaka miwili kabla ya hapo nilianguka kwenye ngazi za bandarini nikimfuata muuza papa aliyenitajia bei nzuri. Nikavunjika mguu juu ya goti. Mganga wa mifupa akaja, akaunyoosha, akaufunga, akasema nisikanyage chini. Binti yangu alikuwa Fuma, ana mtoto mdogo mwenye surua. Ndugu yangu alikuja kunitazama kila siku saa ya chakula. Aliyebaki nami ni mjukuu wangu, akiwa na miaka kumi. Alipika, alifua, aliniegemeza mpaka uani, alinirudisha. Shule ilikuwa njia ya pili kutoka nyumbani, sauti za watoto tulikuwa tunazisikia. Miezi ikaenda. Mguu ulipopona, mwaka wa masomo ulikuwa umekwisha. Nyumbani kwetu tuliuita mwaka wa mguu, na hakuna aliyeuzungumza zaidi ya hapo.

Zilikuwa zimebaki siku tatu kabla ya ile shule ndogo kufunga. Fundi hakutupigia kuomba ushauri. Alikwenda mwenyewe, na nguo za kazi, na rangi ya mashua kwenye nywele. Yule mwanamke wa Kisudani akavitazama vyeti. Akauliza mtoto anakaa na nani. Fundi akasema anakaa na bibi yake. Akasema, "Basi nataka kuzungumza na bibi yake. Kesho, baada ya adhuhuri. Si wewe."

Jioni hiyo nyumba yangu ilijaa washauri. Ndugu yangu alisema niseme vita. "Dada, wewe sema vita tu. Watu wa nje ukiwaambia vita hawaulizi la pili."

"Mwaka ule hapakuwa na vita mtaani kwetu," nikamwambia. "Palikuwa na mguu wangu."

"Nani atajua?"

Mkwe wangu alisema niseme mtoto aliugua. Alipendekeza na ugonjwa wenyewe. Binti yangu akasema, "Akisema aliugua watataka karatasi ya daktari." Mkwe wangu akasema basi ugonjwa usio na karatasi. Wakaanza kuhesabu magonjwa yasiyo na karatasi.

Mimi nilikuwa nimenyamaza, na nitasema kwa nini. Nilikuwa nimekwisha kuona kwamba simu ile iko mikononi mwangu. Nikisema vita, akaniuliza vita gani, nikababaika, mtoto anabaki. Nikisema ugonjwa, akataka karatasi, mtoto anabaki. Nisingelazimika kusema lolote baya. Ningekosea kidogo tu, kama mtu mzima asiyekwenda shule anavyotazamiwa kukosea, na kesho yake ningeamka na mtu wa kunisomea maandishi ya Kizungu ya dawa. Hakuna ambaye angenilaumu. Wangesema, maskini, alijitahidi.

Nililifikiria jambo hilo vizuri. Sitaki kusema nililifukuza mara moja.

Kesho yake simu ikalia. Alikuwa yule mwanamke, na kando yake binti wa dada yangu, wa kutafsiri, maana Kiarabu changu ni cha kusalia, si cha kuzungumzia miguu. Tukasalimiana. Aliniuliza hali yangu, na hali ya watu wa nyumbani, na hali ya mji, moja moja, na alisubiri kila jibu. Nikaona huyu amelelewa.

Kisha akauliza, na binti wa dada yangu akatafsiri, "Anasema mwaka ule mtoto alikuwa wapi?"

Mkwe wangu alikuwa mbele yangu akinionyesha kwa mdomo, bila sauti, "Homa." Ndugu yangu alikuwa amenyanyua mikono kama aliyeshika bunduki.

Nikasema, "Mwambie alikuwa hapa. Hakuugua na hakukuwa na vita. Nilivunjika mguu na sikuwa na mtu, nikamzuia yeye. Shule ilikuwa karibu, angeweza kwenda, nikamzuia. Mtoto hana kosa. Akitaka kuandika kosa, aandike jina langu."

Binti wa dada yangu akasema maneno mawili matatu ya Kiarabu.

"Nimesema maneno mengi," nikamwambia. "Wewe umesema machache."

"Mama mkubwa, nimesema maana yake."

"Maana yake nini?"

"Nimesema kulikuwa na ugonjwa nyumbani."

"Sema yote. Sema na la kumzuia."

Akasema yote. Nilijua ni yote kwa sababu ilichukua muda, na kwa sababu nilisikia neno la mguu. Ndugu yangu akashusha bunduki yake.

Yule mwanamke akauliza kama mtoto alipoteza masomo yote ya mwaka ule. Nikamwita mjukuu wangu, aliyekuwa mlangoni na sinia la mchele. Nikamwambia, "Lete yale madaftari."

Yalikuwa saba. Kila jioni ya mwaka wa mguu, binti wa jirani alipotoka shule, huyu wa kwangu alimwendea akaazima daftari lake, akanakili, akalirudisha kabla ya magharibi. Nilikuwa nikimwona kutoka kitandani. Nilidhani anachora. Mpaka siku niliyoweza kusimama ndipo nilipoyafungua nikakuta ni hesabu, na historia, na mifupa ya mtu yenye majina yake.

Yule mwanamke akataka kusikia. Mjukuu wangu akafungua katikati, akasoma sehemu ya maji yanavyopanda mbinguni kuwa mawingu, kwanza kama ilivyoandikwa kwa Kisomali, kisha akaieleza kwa Kiarabu chake cha shule. Alikosea mara nne. Nilihesabu, kwa sababu kila akikosea yule mwanamke alimsahihisha kwa neno moja, na huyu akalirudia akaendelea, bila kuona haya. Ndugu yangu alitikisa kichwa kana kwamba alimfundisha yeye.

Mwishoni akasema anamchukua. Lakini ataanza darasa moja nyuma, na baada ya miezi mitatu watamtazama tena.

"Nitakuwa mrefu kuliko wote," akasema mjukuu wangu, simu ilipokatwa.

"Utauona ubao," nikamwambia.

"Watacheka."

"Wewe umekaa na mjomba wa mama yako miaka sita. Kicheko gani tena utakiogopa?"

"Mimi nimefanya nini?" akauliza ndugu yangu. Mkwe wangu akamwambia akale.

Yule mdogo akaandikwa shule ndogo vilevile, ili waende njia moja. Gauni za kijivu hazikufaa, maana shule ndogo huvaa kijani. Sikushona tena. Kulikuwa na siku nane tu, na nilitaka kuzitumia nikiwa na mikono mitupu. Siku ya kuondoka bajaji mbili zilikuja kuwachukua kwenda uwanja wa ndege. Mizigo ilikuwa michache. Mjukuu wangu alinionyesha tena dawa ipi ni ya asubuhi na ipi ya jioni, akafunga uzi mwekundu kwenye chupa ya asubuhi, akaniuliza mara mbili, nikajibu sawasawa mara mbili. Binti yangu alilia. Mkwe wangu alilia na mkeka kwapani. Mimi nilimkumbusha mtoto kuvuta upindo wa sketi chini akikaa, na bajaji ikaondoka.

Sasa ni mwezi wa tano tangu waondoke. Miezi mitatu ilipotimia walimtazama, wakampandisha darasa lake. Ananipigia kila Ijumaa. Anasema chakula kina pilipili kidogo mno, na yule mwanamke wa Kisudani bado anafunga watoto kamba za viatu, na ameona vyoo, na ni kweli kimoja hakina sabuni.

Ijumaa iliyopita aliniuliza jambo. Alikuwa ameitwa ofisini kuchukua karatasi, akaliona faili lake wazi, na ndani yake yameandikwa yale niliyoyasema siku ile ya simu.

"Bibi, kwa nini ulimwambia ulinizuia?"

"Kwa sababu nilikuzuia."

"Hukunizuia. Uliniambia niende. Ulinirushia kiatu niende. Nilikaa mwenyewe."

"Kiatu kipi?"

"Kile cha kijani."

Kiatu cha kijani nilikuwa nacho, hilo ni kweli. Lakini mimi nakumbuka nimelala pale, mguu umefungwa mbao, nimeushika mkono wake, nikamwambia kaa. Naukumbuka na mkono wenyewe, ulikuwa na unga. Yeye anakumbuka kiatu. Tumebishana mpaka chaji ikamwishia.

Mganga wa mifupa alikuwapo asubuhi ile tunayobishania, na majirani wawili wa upande wa kisima walikuwa wamekuja kunitazama. Nawajua kwa majina na wao wanajijua. Ikiwa mmoja wao anasoma haya, au anasomewa, naomba aniambie alichokisikia: kama nilisema kaa, au nilisema nenda. Asione vibaya kunikosoa, nina umri wa kukosolewa. Faili lile lina maneno yangu, na kama si ya kweli inabidi nimpigie simu yule mwanamke ayafute.